Kopo Linapimwa Mapema Mno

Kuna jaribio ambalo walimu wa kemia hupenda kulifanya mbele ya wanafunzi. Mwalimu huchukua kopo la soda ambalo limefunguliwa lakini bado lina soda ndani, hulisugua kwa msasa upande wa nje mpaka rangi yote itoke na alumini ibaki iking'aa, kisha hupitisha kijiti kwenye kile kipete cha kufungulia na kulining'iniza kopo ndani ya chombo chenye sodiamu haidroksaidi, dawa ile ile kali ya kuzibulia mabomba ya maji machafu. Viputo vya hidrojeni huanza kupanda. Baada ya muda alumini yote huwa imeliwa, na kinachobaki kikining'inia chini ya kifuniko ni mfuko mwembamba unaopitisha mwanga, laini kama ganda la ndani la kitunguu, umeishika soda yote bila kuvuja. Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza hunyamaza kidogo, kwa sababu miaka yote alidhani anakunywa kutoka kwenye chuma.

Mfuko huo ndio unaogusa kinywaji. Alumini haikigusi kabisa, au haipaswi kukigusa. Soda ya kola ina asidi ambayo ukali wake haupungui sana ule wa ndimu, na kama ingemiminwa moja kwa moja kwenye alumini tupu ingeanza kuila, ingechukua ladha ya madini na mwishowe ingetoboa ukuta wa kopo, ambao unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo kiwandani kila kopo hupuliziwa utando wa majimaji kwa ndani, kisha hupitishwa kwenye tanuri ili utando ukauke na kushikana. Kwa miongo mingi utando huo umetengenezwa kwa risini za epoksi, na risini hizo hutokana na bisfenoli A, kemikali ambayo dunia nzima imezoea kuiita BPA. Si BPA yote inayofungwa ndani ya utando. Inayobaki huru huhama kidogo kidogo na kuingia kwenye kinywaji.

Mkemia Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza kemikali hiyo mwaka 1891. Katika miaka ya 1930 Edward Charles Dodds wa London, aliyekuwa akitafuta kitu cha kutengenezwa maabara ambacho kingechukua nafasi ya homoni ya kike ya estrojeni, aliipima akaona kwamba inaiga homoni hiyo, ingawa kwa nguvu ndogo, akaiweka kando kwa kuwa alipata nyingine zenye nguvu zaidi. Tabia hiyo, basi, ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye majarida ya sayansi kabla epoksi haijawa utando wa kawaida wa makopo. Nalitaja hili kwa sababu kila mjadala huu unapozuka watu huongea kana kwamba ni hofu mpya iliyozaliwa na mitandao ya kijamii.

Swali la kama kemikali huhama kutoka kwenye kopo lilijibiwa zamani: huhama. Yanayostahili kubishaniwa ni mambo mawili mengine, nayo ni kipimo kinaulizwa nini, na kinafanywa lini katika maisha ya kopo. Kwa maoni yangu sisi wa Afrika Mashariki tumelijadili la kwanza nusunusu, na la pili hatujaligusa.

Kipimo ninachokirudia mara kwa mara ni kile cha Kanada. Mwaka 2009 wanasayansi wa wizara ya afya ya nchi hiyo, Health Canada, walichapisha matokeo ya vinywaji baridi vya makopo vilivyokuwa sokoni. BPA ilionekana karibu katika vyote, kuanzia mikrogramu 0.032 hadi 4.5 kwa lita, na takriban asilimia 85 ya bidhaa zilikuwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Ni vinywaji vichache tu vilivyotoka bila kuonyesha chochote, na hapo ndipo nilipowaheshimu watafiti wale, kwa sababu hawakukimbilia kuandika kwamba vinywaji hivyo ni safi. Waliona kwamba miongoni mwake yalikuwamo maji ya toniki, ambayo hutiwa kwinini ili yawe machungu, wakaeleza kwamba huenda kwinini ndiyo iliyozuia BPA isinaswe wakati wa kuitenga na kinywaji. Yaani huenda samaki alikuwamo majini, ila wavu ndio uliotoboka.

Sasa tulichukue kopo lililokuwa baya kuliko yote katika kipimo hicho tulipeleke kwa waamuzi wanne. Kopo la Kanada lina mililita 355, kwa hiyo lenye mikrogramu 4.5 kwa lita linabeba mikrogramu 1.6. Mnywaji wetu na awe mtu mzima wa kilo 60. Kwa kikomo cha Kanada cha wakati ule, ambacho kilikuwa mikrogramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mtu huyo aliruhusiwa mikrogramu 1,500, na ili azifikie angelazimika kunywa makopo 940 kwa siku moja. Wananchi walipewa hesabu ya namna hiyo ili watulie, na kama hesabu haikuwa na kosa lolote. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kikomo chake kutoka mikrogramu 50 kwa kilo hadi 4; kwa mwamuzi huyo makopo yanakuwa 150. Aprili 2023 mamlaka hiyo hiyo ikakishusha tena hadi nanogramu 0.2 kwa kilo (nanogramu 1,000 ni mikrogramu 1), mara 20,000 chini ya kile cha 2015. Hapo mtu wetu anaruhusiwa nanogramu 12 kwa siku nzima, na kopo lile lina 1,600. Anaruhusiwa mililita 2.7 za soda, nusu kijiko cha chai. Hata kopo la kiwango cha chini kabisa kilichopimika, lile la mikrogramu 0.032 kwa lita, lingemmalizia karibu posho yake yote.

Mwamuzi wa nne ni taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ambayo mwaka huo huo wa 2023 iliikatalia EFSA hadharani na kuweka kikomo cha nanogramu 200 kwa kilo. Kwake ni makopo saba na nusu.

Kopo halikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Lilitoka kwenye rafu ile ile, likapimwa na mashine ile ile, na bado linaweza kutangazwa kuwa salama mara 940 au kuwa limevuka mpaka zaidi ya mara 130, kutegemea ni mwaka gani na ni mlango wa nani umebishwa. Ndiyo maana taarifa ya habari inayosema kwamba kinywaji fulani "kimekutwa na BPA", au kinyume chake kwamba "kiko ndani ya viwango", kwangu ni sentensi isiyokwisha. Viwango vya nani, na vya mwaka gani?

Ugomvi wa EFSA na Wajerumani unahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi wameuchukulia kama ushahidi kwamba wataalamu wenyewe hawajui wanachokifanya. EFSA ilijenga kikomo chake kipya juu ya mabadiliko iliyoyaona katika panya: ongezeko la aina fulani ya chembe za kinga kwenye wengu wa watoto wa panya ambao mama zao walipewa BPA. Wajerumani hawakubishi kwamba chembe hizo ziliongezeka. Walichohoji ni kama ongezeko hilo ni ugonjwa au ni dalili tu ambayo haijathibitishwa kumdhuru binadamu, na Wakala wa Dawa wa Ulaya nao ulikuwa na shaka za namna hiyo. Mimi si mtaalamu wa sumu, na nikiisoma hoja ya Wajerumani naiona ina uzito. Lakini aliyebisha naye amekishusha kikomo mara 20 kutoka kile cha 2015. Hakuna hata mmoja kati yao aliyependekeza kirudi juu. Wanaobishana juu ya kina cha shimo wamekubaliana kwamba shimo lipo.

Ulaya haikungoja ugomvi huo uishe. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku BPA katika vifungashio vyote vya chakula tangu tarehe 1 Januari 2015, na Desemba 2024 Tume ya Ulaya ikapitisha marufuku ya aina hiyo kwa Umoja mzima, ikianza Januari 2025, huku makopo mengi yakipewa miezi 18 ya kujipanga, na baadhi, yakiwemo ya kuhifadhia matunda, mboga na samaki, yakipewa miaka mitatu. Jambo hilo linawahusu moja kwa moja wanaosindika mananasi ya makopo nchini Kenya na kuyauza Ulaya. Linatuhusu sisi wengine kwa njia ya kinyumenyume: pale soko moja kubwa linapofunga mlango, utando wa zamani hautupwi baharini, hutafutiwa soko ambalo haliulizi.

Na kuuliza kwenyewe kuna ufundi wake. Kutafuta nanogramu za BPA si kazi ya kuchovya karatasi ikabadilika rangi. Kwanza kinywaji huondolewa gesi, kwa kawaida kwa kukiweka katika beseni la mawimbi ya sauti, maana viputo huharibu ujazo. Kisha hutiwa kiasi kinachojulikana cha BPA iliyowekewa alama, yenye atomi nzito za hidrojeni au za kaboni, ambayo mwenendo wake ni sawa na wa BPA ya kawaida lakini mashine huitambua kwa uzito wake. Ikipotea nusu yake njiani, mkemia anajua kwamba nusu ya ile aliyoikuta kwenye kinywaji imepotea pia, naye anasahihisha hesabu. Baada ya hapo kinywaji hupitishwa kwenye kichujio kinachonasa kemikali, kilichonaswa kikaoshwa na kutolewa humo, kikapunguzwa kimiminika ili kikolee, na ndipo kinapelekwa kwenye spektrometa ya masi, ile mashine inayotambua kemikali kwa uzito wake.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, hauko kwenye mashine. Uko kwenye chumba chenyewe, kwa sababu BPA imo maabara kabla kopo halijaingia. Inaweza kutoka kwenye mirija ya plastiki, kwenye glavu, kwenye vichujio, kwenye vumbi la sakafuni, hata kwenye mtambo wa kusafishia maji ambao baadhi ya sehemu zake ni plastiki ngumu. Kwa sababu hiyo maabara makini hupitisha maji matupu katika hatua zote zile zile, kana kwamba nayo ni soda, ili ione yatatoka na nini. Maji matupu yakitoka na mikrogramu 0.05 kwa lita, kopo lililotoka na 0.06 halijasema lolote. Ripoti isiyotaja matokeo ya maji matupu inafanana na muuza nyama ambaye mshale wa mizani yake haukurudi kwenye sifuri kabla hajakuwekea kilo yako.

Hapo hapo ndipo panapojificha neno ambalo naliona hatari kuliko tarakimu yoyote, nalo ni "haikuonekana". Mkemia ambaye mashine yake haioni chini ya mikrogramu 1 kwa lita angezipima zile bidhaa za Kanada, na takriban asilimia 85 kati yake angeziandikia kwamba BPA haikuonekana. Asingekuwa amesema uongo. Lakini kopo la mililita 330 lenye mikrogramu 0.9 kwa lita lina karibu nanogramu 300, ambazo ni mara 25 ya posho ya siku kwa mujibu wa EFSA ya leo. Msomaji wa cheti anaona neno "haikuonekana" anasikia "haimo". Kati ya maneno hayo mawili pana umbali wote wa kikomo cha kugundua, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, na vyeti vingi vinavyozunguka kwenye biashara havikitaji, au hukitaja kwa herufi ndogo katika ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

Tatizo jingine ni kutafuta jina badala ya kitu. Katika utando wa epoksi hamna BPA peke yake. Mna pia kemikali mama inayoitwa BADGE, inayopatikana BPA inapounganishwa na epiklorohidrini. BADGE ikiingia kwenye kinywaji chenye maji na asidi haikai ilivyo. Hujishikiza na maji ikageuka kuwa kemikali nyingine, na katika siku chache sehemu kubwa yake huwa imekwisha kubadilika. Anayeitafuta BADGE kwa jina lake kwenye soda iliyokaa dukani miezi sita hataiona, si kwa sababu haikuhama bali kwa sababu imehama ikabadili jina. Sheria za Ulaya ziliking'amua kisa hicho, ndiyo maana kikomo chao cha mwaka 2005 kinajumlisha BADGE pamoja na kemikali inazogeuka kuwa ikikutana na maji.

Maandishi ya "haina BPA" nayo yanastahili jicho hilo hilo. Baadhi ya watengenezaji wamehamia kwenye tando za akriliki na za poliesta, jambo ambalo ni hatua ya kweli. Katika bidhaa nyingine za plastiki na karatasi, hata hivyo, BPA iliondolewa ikaingizwa bisfenoli S au bisfenoli F, ndugu zake wa tumbo moja, ambao tafiti za maabara zimeonyesha kwamba nao huigusa mifumo ya homoni. Mpimaji aliyepewa kazi ya kutafuta BPA tu atawapita ndugu hao mlangoni akiwasalimia. Kipimo cha leo hakina budi kuuliza ukoo mzima.

Nimefika kwenye lile la pili, la lini. Bidhaa nyingi zinazoingia Kenya na Tanzania hukaguliwa na kupewa cheti cha ubora katika nchi zinakotoka, kabla hazijapanda meli. Nyingine huchukuliwa sampuli bandarini. Vyovyote iwavyo, kopo hupimwa likiwa bichi, mwanzoni mwa safari yake, ilhali mlaji hulifungua mwishoni. Katikati ya hayo kuna kontena lililokaa juani yadi kwa wiki kadhaa, ghala la bati lisilo na dari, lori la kwenda bara, na mwisho baraza ya duka. Pita Kariakoo saa saba mchana utaziona trei za makopo 24, zimebanwa na nailoni, zimepangwa moja juu ya nyingine nje ya duka la jumla, na jua linazipiga upande mmoja mpaka kijana wa duka anapozishika kwa ncha za vidole. Hizo hizo jioni zitaingia kwenye friji, zitokwe na jasho la baridi, zionekane kama zimetoka kiwandani jana.

Je, joto na muda vina maana yoyote kwa kopo? Hapa lazima niwe mwaminifu, kwa sababu ushahidi unaojulikana sana unaelekea upande wa pili. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 uliangalia makopo yaliyojazwa, kufungwa na kuchemshwa kiwandani, na ukaonyesha kwamba BPA iliyohama ilihama karibu yote wakati wa kule kuchemshwa. Miezi tisa ya kuhifadhiwa haikuongeza cha maana, wala kubonyea kwa kopo hakukubadili kitu. Mtu anaweza kuuchukua utafiti huo akasema kwamba jua la Kariakoo halina hatia.

Lakini makopo yale yalipikwa. Maharage, supu, samaki na hata kahawa ya maziwa ya kopo hupitishwa kwenye joto linalozidi nyuzi 100 ili viini vife, na joto hilo humaliza kazi mara moja: kilichokuwa tayari kuhama kimehama. Soda haipikwi. Hujazwa ikiwa baridi ili gesi isitoroke. Bia hupitishwa kwenye maji ya moto ya karibu nyuzi 60 kwa muda mfupi, basi. Kwa hiyo kopo la soda linatoka kiwandani likiwa na sehemu kubwa ya akiba yake ya kemikali bado imo ndani ya utando, na joto lake la kwanza la maana linaweza kuwa lile la ndani ya kontena. Sheria za Ulaya kuhusu plastiki zinazogusa chakula zinalikiri jambo hili kwa njia yake: ili kuiga uhifadhi wa zaidi ya miezi sita, kifungashio huwekwa pamoja na kimiminika cha majaribio kwa siku 10 katika nyuzi 60. Kama joto na muda visingekuwa na uzito, hakuna ambaye angejisumbua kuwasha tanuri kwa siku 10.

Kuna hata kichafuzi kimoja ambacho suala la muda juu yake halina ubishi. Mananasi na juisi yake huwekwa mara nyingi kwenye makopo ya chuma yaliyopakwa stani (tin kwa Kiingereza) ambayo kwa makusudi hayapewi utando kamili kwa ndani, kwa sababu stani ikiyeyuka kidogo hulinda rangi na ladha ya tunda. Inaendelea kuyeyuka kadiri kopo linavyokaa, na kopo likifunguliwa likaachwa na juisi ndani, hewa huiharakisha. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaruhusu miligramu 150 za stani kwa kilo ya kinywaji cha kopo. Ikizidi sana hapo, tumbo hulalamika siku hiyo hiyo. Juisi ya namna hiyo ikipimwa mwezi wa kwanza, na ikipimwa tena mwezi wa ishirini, ni juisi mbili tofauti.

Ningependa kuona kipimo cha kwetu kikianza na bahati tuliyo nayo ambayo wenzetu wengi wa Ulaya wameipoteza kwa kiasi kikubwa. Soda ile ile, ya kiwanda kile kile, bado tunaiuza kwenye chupa ya kioo inayorudishwa na kreti, kwenye chupa ya plastiki, na kwenye kopo. Ukizipima zote tatu kwa pamoja, kilichotoka kwenye maji, sukari au rangi kitaonekana kwenye zote, na kinachozidi kwenye kopo kitakuwa cha kopo. Watafiti wa Korea Kusini walitumia njia ya namna hiyo kwa watu: wazee 60 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walipewa maziwa ya soya, mara kwa chupa za kioo, mara kwa makopo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya makopo mawili BPA katika mkojo ilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,600 ikilinganishwa na siku ya kioo, na kipimo cha juu cha shinikizo la damu kikapanda kwa takriban milimita 4.5 za zebaki. Watu 60 ni wachache, na shinikizo lililopimwa saa mbili baada ya kunywa si ugonjwa wa moyo. Uzuri wa kazi ile ni kwamba kinywaji hakikubadilika. Chombo tu ndicho kilichobadilika.

Wapo watakaosema kwamba spektrometa ya masi ni ghali na maabara zetu zina foleni ya sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo inaua watu waziwazi. Hoja hiyo siipuuzi. Nakubali pia kwamba ndani ya kopo la kola la mililita 330 mna gramu 35 za sukari, na mtu anayekunywa mawili kwa siku ana jambo kubwa zaidi la kumweleza daktari kuliko nanogramu. Lakini si kila kipimo cha kopo ni cha gharama. Viwandani hutumika kipimo rahisi cha umeme: kopo tupu hujazwa maji ya chumvi, huchomekwa nondo ndogo, hupitishwa umeme wa volti 6.3, na miliampea zinazosomeka zinaonyesha ni kiasi gani cha chuma kiko wazi pale ambapo utando una tundu au mkwaruzo. Hakitaji BPA, lakini kinaeleza kama utando ulipakwa vizuri, na mkaguzi anaweza kukifanya kwa makopo mia kwa siku. Yatakayofeli ndiyo yapelekwe kwenye mashine ghali kutafutiwa madini, na pamoja nayo machache yaliyofaulu yatafutiwe ukoo wa bisfenoli.

Kwenye karatasi ya matokeo nisingedai mengi. Iandikwe kikomo cha kugundua pembeni ya kila "haikuonekana", kwa herufi za ukubwa ule ule. Yaandikwe matokeo ya maji matupu. Itajwe orodha ya kemikali zilizotafutwa, ili ijulikane zipi hazikutafutwa. Kisha iandikwe tarehe ya kujazwa kwa kopo na mahali lilipokaa tangu siku hiyo, jambo ambalo cheti kinachotolewa kabla ya meli kung'oa nanga hakiwezi kulisema hata kikitaka.

Na sampuli ya kwanza nisingeichukua bandarini. Ningeingia duka la mtaani, niombe lile kopo lililosukumwa nyuma kabisa ya rafu, lenye vumbi kwenye kifuniko na rangi iliyopauka upande wa dirishani, ambalo tarehe yake ya mwisho imebakiza wiki mbili, na ambalo mwenye duka atanipunguzia bei ili tu alitoe.